Chumba cha seva kinakula umeme: tafuta hitilafu kabla ya kununua kiyoyozi kingine

Vituo vya data vya Unguja na Pemba vingi si majumba makubwa. Ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya hoteli, skuli, hospitali au chama cha akiba na mikopo: raki (kabati la chuma la kubebea seva) moja hadi nne, viyoyozi viwili vya ukutani, UPS (mashine ya betri inayoshika mzigo umeme ukikatika) kwenye pembe na jenereta nje. Ushauri mwingi wa kupunguza umeme kwenye vyumba hivi umeandikwa kwa nchi za baridi, ambako unafungua tundu na hewa ya nje inapoza mashine bure. Ukiufuata ushauri huo hapa kwetu, bili itapanda, na sababu yake utaiona kwenye ndoo ya maji hapa chini.

Tayarisha kwanza: klampu mita, yaani kipimo cha umeme kinachobana waya, inayosoma wati (ile inayosoma ampea tu haitoshi), vipimo vinne vya joto na unyevu vya bei nafuu, ndoo ya lita 10, saa, na kijiti cha udi. Vipimo vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo viweke vyote pamoja usiku mmoja ujue kila kimoja kinapishana na wenzake kwa kiasi gani. Ukitaka uhakika wa unyevu, tia chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, iloweshe mpaka iwe kama uji mzito, uifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki kwa saa nane. Kipimo kizima kitasoma karibu na asilimia 75. Tofauti yoyote iandike kwa kalamu mgongoni mwake.

Dalili: uniti za Tukuza (umeme wa kulipia kabla; uniti moja ni kilowati-saa moja) zinakwisha mapema na hakuna ajuaye ziendako

Usiguse kitu kabla hujagawa mzigo. Pima wati za waya unaotoka UPS kwenda kwenye raki, kisha waya unaoingia UPS, kisha kila kiyoyozi, kisha taa na mengineyo. Kiyoyozi kisicho cha inveta (kisichoweza kupunguza mwendo) huwaka na kuzima, kwa hiyo kipimo cha mara moja hakina maana; soma kila dakika tano kwa saa mbili utafute wastani. Fanya hivyo saa nane mchana, na tena saa kumi usiku.

Jumla yote igawe kwa wati za raki. Tuseme raki zinachukua kilowati 3, viyoyozi wastani wa 1.8, UPS inapoteza 0.4 na taa 0.1. Jumla ni 5.3, na uwiano ni 1.77. Maana yake, kila uniti moja inayofanya kazi ya kompyuta inaburura nyengine robo tatu na ushei nyuma yake. Kwa siku ni uniti 127, na kati ya hizo 72 tu ndizo za seva.

Sasa linganisha mchana na usiku. Mzigo wa mchana ukiwa mkubwa sana kuliko wa usiku, jua linaingia: bati lisilo na dari ya kuzuia joto, au ukuta wa magharibi. Mchana na usiku vikikaribiana sana hali ya kuwa nje kumepoa, tatizo ni unyevu, UPS, au seva zenyewe. Na ikiwa viyoyozi havizimi hata usiku wa kipupwe, mwezi wa saba, basi nenda moja kwa moja kwenye maji.

Dalili: bomba la kiyoyozi linatoa maji mengi

Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hawakifanyi, nacho ni cha bure. Chumba cha seva hakina watu wanaopumua, hakina sufuria jikoni, hakina nguo zinazokauka. Kikiwa kimezibwa vizuri, baada ya siku chache bomba la maji la kiyoyozi hubakia karibu kavu. Likitoa maji kila siku, maji hayo yametoka nje, yameingia na hewa.

Weka ndoo chini ya bomba kwa saa 24, mlango ukiwa umefungwa, uhesabu lita. Kila lita moja inayogeuzwa kutoka mvuke kuwa maji inaachia joto la takriban uniti 0.68 ndani ya kiyoyozi. Kiyoyozi kizuri huondoa sehemu tatu za joto kwa sehemu moja ya umeme, kwa hiyo lita moja hugharimu karibu uniti 0.23. Inaonekana kidogo. Fanya hesabu ya chumba cha mita za ujazo 30 ambacho hewa yake inabadilishwa na ya nje mara mbili tu kwa saa kupitia nyufa. Siku ya kaskazi yenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, kila mita ya ujazo inayoingia inabeba gramu 13 hivi za maji zaidi ya hewa ya ndani iliyo kwenye nyuzi 25 na asilimia 50. Hizo ni lita 19 kwa siku, na uniti zaidi ya 4 za kukamua maji tu. Joto la hewa hiyo hiyo, ukilitoa peke yake, halifiki hata robo ya gharama ya maji yake. Ndiyo maana feni ya kuvuta hewa ya nje, inayosifiwa sana Ulaya, hapa ni hasara, na vipozeo vya kunyunyiza maji ni hasara juu ya hasara.

Kutafuta mwanya, zima feni zote za pembeni, washa kijiti cha udi na ukipitishe taratibu kwa nje: chini ya mlango, kwenye fremu, kwenye tundu la waya ukutani, pembeni mwa boriti, kwenye tundu la bomba la kiyoyozi. Pale moshi unapovutwa kuelekea ndani, hapo pana mwanya. Kijiti kimoja kinatosha, na kama kuna king'ora cha moshi mjulishe mlinzi kwanza, asije akamwaga gesi ya kuzimia moto kwa ajili ya udi.

Mlango huwa ndiye mkosaji mkubwa. Mwanya wa sentimita moja chini ya mlango wa sentimita 90 ni tundu la sentimita za mraba 90, karibu sawa na kutoboa ukuta kwa bomba la inchi nne. Funga brashi au mpira chini, mpira wa kubana kwenye fremu, na mkono wa kufunga mlango wenyewe. Matundu ya waya yazibe kwa povu au udongo usioshika moto, si kwa magazeti. Bomba la maji la kiyoyozi lenyewe hupitisha hewa likiwa kavu. Lipinde kama herufi U na ulitie maji kikombe kimoja.

Ndoo ikiendelea kujaa baada ya hapo, maji yanapenya ukutani. Hapa Mji Mkongwe una shauri lake. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua, na zinanyonya maji kutoka chini. Usizipake saruji wala rangi ya mafuta kwa kusudi la kuzuia unyevu. Maji yatafungiwa ndani ya ukuta, chokaa italegea na mawe yatamomonyoka. Jenga chumba ndani ya chumba: paneli zenye povu katikati, zikiacha nafasi ya sentimita 10 kutoka kwenye ukuta wa zamani, pamoja na dari yake na sakafu yake. Kwenye nyumba za matofali ya saruji za Ng'ambo, Chake Chake au Wete, rangi ya kuzuia maji inafaa, lakini ipakwe upande wa nje, ambako ndiko mvuke unakotoka. Ukipaka ndani peke yake, maji yatakusanyika nyuma ya rangi nayo itabambuka.

Dalili: mlango au ukuta unatoka jasho kwa nje, ukungu mweusi unaota

Chumba kimepozwa kupita kiasi. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Chumba kikiwa nyuzi 18, mlango wa chuma nao unakuwa baridi, na unatoka jasho kama gilasi ya juisi ya ukwaju yenye barafu.

Chama cha ASHRAE, cha wahandisi wa kupoza na kupasha joto wa Marekani, ambacho viwango vyake ndivyo vinavyofuatwa na watengenezaji wa seva, kinapendekeza hewa inayoingia mbele ya seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Watu husoma 18 wakasahau 27. Lenga 24 au 25 mbele ya seva ya juu kabisa kwenye raki. Panda nyuzi moja kila baada ya siku mbili, ukiangalia kipimo cha seva yenyewe na si rimoti. Rimoti inaonyesha ulichoomba, haionyeshi ulichopata. Usipite 27, kwa sababu baada ya hapo feni ndogo za seva huanza kukimbia, na feni ni mlaji wa ajabu: umeme wake hufuata mwendo kwa kipeo cha tatu. Ikipungua mwendo hadi asilimia 80, inakula nusu tu ya umeme wake wa mwanzo. Kinyume chake nacho ni kweli.

Dalili: kiyoyozi kimewekwa 16, chumba kama jokofu, na bado seva zinalia joto

Kuweka 16 hakupozi haraka zaidi. Kiyoyozi cha kawaida kina nguvu ile ile ukikiweka 16 au 24. Tofauti ni wakati wa kuzima tu. Hapa baridi ipo ila haifiki inakotakiwa.

Bandika vipimo viwili mbele ya raki, kimoja chini na kimoja juu, na cha tatu nyuma. Kama cha juu mbele kimezidi cha chini kwa zaidi ya nyuzi 3, hewa moto ya nyuma inarudi mbele kupitia nafasi tupu za raki. Ziba kila nafasi. Nafasi moja ya raki (U) ina urefu wa milimita 44.45 na upana wa inchi 19, kwa hiyo vibao vinaweza kukatwa kwa fundi wa alumini kwa bei ndogo kuliko vya dukani. Usitumie maboksi ya karatasi.

Kisha angalia raki zinavyoelekea. Raki mbili zikipangwa kama foleni, mgongo wa ya mbele unapumulia moto uso wa ya nyuma. Zigeuze zitazamane, au zipeane mgongo. Kiyoyozi kipulize upande wa uso. Kikipuliza migongo kinachanganya moto na baridi na kupoteza vyote viwili. Na swichi za mtandao zitazame vizuri, kwani nyingi huvuta hewa kutoka ubavuni au nyuma, na fundi huzifunga upande ambao nyaya zinafikika bila ya kuangalia upepo wake. Kama kipande kimoja tu cha chumba ndicho chenye joto, mara nyingi ni hiyo.

Kila kilowati ya seva inahitaji takriban mita za ujazo 270 za hewa kwa saa, ikiwa hewa inapata moto nyuzi 11 ndani yake. Kwa upande wa kiyoyozi, BTU 12,000 ni kilowati 3.5. Mzigo wa kilowati 3 hauhitaji viyoyozi vitatu vya BTU 24,000. Kiyoyozi kikubwa mno huwaka na kuzima, kinatumia umeme mwingi kila kinapowaka, na hakikai muda wa kutosha kukausha hewa.

Viyoyozi viwili vinavyofanya kazi pamoja viwekwe nyuzi zile zile na hali ile ile. Kimoja kikiwa kwenye kukausha na kingine kwenye kupoza, vitabishana mwaka mzima.

Dalili: bomba jembamba limeganda barafu, au sehemu ya nje inapuliza moto mkali

Pima hewa inayoingia kwenye kiyoyozi na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzima. Chini ya 6, kuna hitilafu. Anza na kilicho rahisi: toa filta, ioshe, ikauke. Ikiwa safi na barafu bado ipo, gesi imepungua, na gesi haiishi kama mafuta ya taa, imevuja. Fundi anayeongeza gesi bila ya kutafuta mvujo kwa povu la sabuni anakupangia ziara yake ijayo. Aangalie kwanza nati za maungio na mikunjo ya mabomba ya sehemu ya nje, maana chumvi huanzia hapo. Gesi ya R410A ni mchanganyiko, hutiwa ikiwa kimiminika na kwa kupimwa kwa mizani, si kwa kukisia kwa mkono kwenye bomba. Gesi ya R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo pasiwe na uchomeleaji kabla haijatolewa yote.

Sehemu ya nje inayotazama bahari, iwe Forodhani, Nungwi au Mkoani, hupata ganda la chumvi na vumbi kwenye mapezi ya alumini. Zima kwenye breka, uioshe kwa maji ya mfereji kwa nguvu ndogo kila mwezi, kila wiki mbili upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu kwenye pwani ya mashariki. Mashine ya kuoshea gari isitumike, inalaza mapezi. Ukinunua mpya, chagua yenye mapezi yaliyopakwa kinga ya chumvi kiwandani. Tofauti ya bei hurudi.

Katika Mji Mkongwe sehemu ya nje haibandikwi ovyo kwenye uso wa nyumba, inataka idhini ya mamlaka ya hifadhi, hivyo watu huificha kwenye ua wa ndani au kichochoro. Ua mwembamba wenye mashine tano unageuka tanuri. Weka kipimo pale mashine inapovuta hewa: ikizidi hewa ya barabarani kwa nyuzi 5, inavuta pumzi ya mwenzake. Ipandishe darini, au elekeza mapulizo yote juu kwa bati lililopinda.

Dalili: UPS ni ya moto, na betri zinavimba

UPS kubwa yenye mzigo mdogo inapoteza umeme usiku na mchana. Ya kVA 10 yenye mzigo wa kilowati 2 inaweza kufanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 86 hivi, wakati ikijaa nusu au zaidi ingefika 94. Kwenye mzigo huo hasara ni wati 325 badala ya 130. Tofauti yake kwa siku ni uniti karibu 5, bila ya kuhesabu umeme wa kupoza moto huo. Takwimu za ufanisi kwa kila kiwango cha mzigo zimo kwenye karatasi ya vipimo. Muuzaji akikuonyesha moja tu, huwa ndiyo nzuri kuliko zote.

Kuna hali ya kubana matumizi ambayo UPS hupitisha umeme wa gridi moja kwa moja. Inaokoa, lakini umeme wetu unavuka bahari, Unguja kwa kebo ya kilovolti 132 inayotua Fumba, Pemba kwa kebo ya kilovolti 33 kutoka Tanga tangu 2010, na volti mwishoni mwa laini zinaweza kuyumba. Iwashe tu kama umerekodi volti kwa wiki mbili na zimetulia. Penye kuyumba, UPS itarukia betri kila mara, na utakachookoa kwenye uniti utakitoa dukani kwa betri.

Betri za risasi zilizofungwa hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Betri yenye maisha ya miaka mitano kwa nyuzi 25 haifiki mitatu kwa 35. Kwa hiyo betri ndizo zinazohitaji baridi, si seva. Zikiwa kwenye kabati lao, zipozwe na kiyoyozi kidogo, sehemu iliyobaki ya chumba ipandishwe joto. Betri iliyovimba iondolewe siku hiyo hiyo, na volti ya kuchaji ipimwe: betri ya volti 12 iwe kati ya 13.5 na 13.8 kwa nyuzi 25, na ipungue kadiri joto linavyopanda.

Dalili: kila kitu kiko sawa, lakini raki zenyewe zinakula

Seva isiyofanya kitu bado inakula thuluthi moja hadi nusu ya umeme wake wa juu. Seva ya zamani inayokula wati 150 bure ni uniti 3.6 kwa siku, 1,314 kwa mwaka, na kwa uwiano wetu wa 1.77 zinakuwa zaidi ya 2,300.

Tafuta zisizo na mwenyewe: zile ambazo hakuna aliyeingia siku 30 na trafiki yake ni ya kujisasisha tu. Usizizime mara moja. Chomoa waya wa mtandao, uache umeme, usubiri mpaka mishahara na hesabu za mwisho wa mwezi zipite. Asipolalamika mtu, chukua nakala ya data ndipo uzime. Zinazobaki na kazi nyepesi ziunganishwe kama mashine pepe (seva za kiprogramu) ndani ya seva moja au mbili, kisha kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi ya seva, ondoa "utendaji wa juu" uweke ule unaofuata mzigo. Usambazaji umeme wa seva wenye pande mbili unaweza kuwekwa upande mmoja ubebe mzigo, wa pili ukae tayari, kwani upande uliojaa asilimia 50 una ufanisi zaidi kuliko pande mbili zilizojaa asilimia 25 kila mmoja.

Dalili: umeme ukikatika na kurudi, bili ya mafuta na joto vinapanda pamoja

Unguja iliwahi kukaa bila ya umeme wa gridi miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hiyo si ajabu mtu kununua jenereta kubwa kuliko haja. Lakini dizeli inayoendeshwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haichomi mafuta yote. Inatoa moshi mweusi, inapaka masizi kwenye ekzosi, na lita kwa uniti zinapanda kutoka theluthi ya lita hadi zaidi ya nusu. Hamishia mzigo mwengine wa jengo kwenye jenereta hiyo, au nunua ndogo ya zamu ya usiku.

Viyoyozi vikizima, usikimbilie kufungua mlango. Vyuma vilivyo chini ya nyuzi 26 vitatoka jasho papo hapo, na maji hayo yako juu ya saketi. Zima kwanza seva zisizo za lazima, acha chumba kipande mpaka 28, ndipo ufungue. Na kabla ya msimu wa masika ujaribu jambo moja: kata breka ya viyoyozi kwa dakika mbili, irudishe, uhesabu. Kompresa husubiri takriban dakika tatu kabla ya kuwaka. Kisichowaka chenyewe baada ya dakika tano kitakaa tangu usiku wa Ijumaa kikisubiri mtu aje na rimoti Jumatatu. Kiwekewe kuwaka chenyewe kwenye mipangilio, au kibadilishwe kadi ya saketi.